Maji Yale ya Mshangano

Nilifika Songea nikiwa juu ya magunia ya chumvi. Basi kutoka Dar es Salaam lilinishusha Makambako, nikashinda pale nimelikalia robota langu la mitumba, hadi nikapata lori linaloelekea kusini. Njombe baridi ilinishinda. Nikakata kamba za robota na kuvaa makoti mawili ya biashara, moja juu ya jingine, la juu likiwa la kike. Tulipoanza kushuka miteremko ya Lukumburu, utingo, mtu mzima mwenye mvi, alivua kofia akaishika kifuani, na hakuivaa tena mpaka tulipofika bondeni. Nikamuuliza kama anaogopa.

"Siogopi," akasema. "Nasalimia wenzangu waliobaki huku."

Kilomita chache kabla ya mjini, mahali panapoitwa Mshangano, tairi la nyuma likapasuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne kwenye mfuko wa ndani, Tabora nyuma yangu. Nilikusudia kukaa Songea mwezi mmoja, niuze mzigo, kisha niendelee hadi Mbamba Bay nikalione ziwa. Nilikaa miaka tisa. Ziwa lenyewe sijaliona hadi leo, na kwa hilo pia namlaumu yeye.

Siku ile bibi huyo alikuwa ng'ambo ya barabara, anagonga ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya kigango, kikanisa cha pale. Ilikuwa saa sita mchana. Alipomaliza kugonga alianza sala ya Malaika wa Bwana kwa sauti ya kuamrisha, akitutazama sisi. Dereva akaacha jeki, utingo akavua tena kofia yake. Mimi nikaitikia kila mahali panapoitikiwa, kwa sababu nililelewa na mama anayesali, na mdomo wangu ulikuwa unajua njia hata kama miguu ilishaisahau.

"Kumbe ni mwanamume," alisema sala ilipokwisha. "Nilidhani ni mwanamke, kwa koti hilo. Umetoka wapi?"

"Tabora, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tabora! Na watu wa huko nao wanasali? Haya, ingia ule. Hao wataziba pancha mpaka jioni."

Sitamtaja jina. Mtaa mzima walimwita Mama Mzee, tangu paroko hadi walevi. Sijui alizaliwa lini wala wapi, na wanawe wenyewe walibishana juu ya hilo. Nilipomkuta alikuwa mzee, na nilipomwacha alikuwa mzee yuleyule, amepungua tu unene. Alinilisha, akanipa chumba cha uani, akaniuguza malaria mara mbili. Katika miaka yote hiyo nilimwomba kitu kimoja tu. Nilimwomba aseme ndiyo ili nimwoe binti yake, Gaudensia. Hakusema.

Ilikuwa miaka ile ambayo sabuni ilirudi madukani na mbolea ikaanza kutoweka mashambani. Redioni walikuwa wanasema soko huria, soko huria, naye kwa muda mrefu alisikia soko huruma. Alipoona bei ya mfuko wa mbolea alikwenda hadi kwa mtendaji wa kata kumuuliza huruma yenyewe iko wapi. Mtendaji akamweleza kwamba ni huria, maana yake kila mtu anauza anavyotaka. Mama Mzee akafikiri kidogo.

"Basi ni dhambi ileile ya siku zote," alisema. "Mmeibadilisha jina tu."

Biashara yangu ilikuwa sehemu ya dhambi hiyo. Kila asubuhi nilibeba mzigo kwa baiskeli hadi Bombambili, nikatandaza turubai, nikapiga kelele hadi jioni. Yeye aliamini, kama wengi walivyoamini wakati ule, kwamba nguo zile ni za Wazungu waliokufa. Hakunizuia kuuza. Alichofanya ni kibaya zaidi. Kila nilipofungua robota jipya alikuja uani na rozari yake, akaketi kwenye kigoda, akaziombea nguo. Gauni moja, Salamu Maria moja. Siku ambayo robota lilikuwa la nguo za watoto alilia kweli, na mimi niliyekuwa nimechelewa sokoni nilisimama pale nimeshika kamba.

"Mama, wengine hawajafa. Wamenunua nyingine tu."

"Una hakika?"

"Sina."

"Basi nyamaza. Kama wako hai, sala itawangoja."

Mwezi wa sita mmoja, baridi ya Songea ilipombana kifua, alikubali kuchukua koti la sufu la kijani lenye vifungo vikubwa kama visahani. Alilivaa miaka saba. Na kwa kuwa alilivaa, aliona ana deni la sala kwa mwenye nalo. Novemba, mwezi wa marehemu, watu walipoandika majina ya wafu wao ili yasomwe kanisani, yeye aliandikisha wazazi wake, mumewe, watoto wake wawili, na mwishoni, Mwenye Koti. Paroko aliyekuwa mgeni parokiani aliyasoma yote kwa heshima hadi alipofika pale. Akasita. Akatazama karatasi upande wa pili. Kisha akasema, "Na Mwenye Koti," na kanisa zima likaitikia: raha ya milele uwape, ee Bwana. Nilicheka hadi nikatoka nje. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana. Mahali fulani Ulaya kuna mwanamke ambaye huenda hana anayemkumbuka zaidi ya kikongwe mmoja wa Mshangano.

Nisije nikaonekana namsifu tu. Alikuwa mtu wa kukera. Alhamisi, siku ya jumuiya, hakuna aliyekula kabla rozari haijakwisha, na rozari yake haikuwa na haraka, hasa kama alikuona unatazama sufuria. Aliwagombeza mabinti kwa kusuka nywele wakati wa Kwaresima, lakini yeye mwenyewe alinusa tumbaku siku zote arobaini na kuiita dawa. Aliwahubiria wanaume juu ya pombe, na pombe ya kienyeji, ugimbi, hakutaka hata itajwe barazani kwake. Lakini siku bati za kigango zilipopatikana na mafundi wakagoma kupanda juu bila chochote, Mama Mzee alipika mapipa mawili kwa mkono wake, na ugimbi ule ulikuwa mzuri kuliko wowote niliopata kuonja. Nilimuuliza amejifunzia wapi.

"Fumba mdomo," akasema. "Hiyo ni ya bati."

Mpira alidai ni upuuzi. Hata hivyo timu ya mkoa ikicheza ugenini alikuwa na sababu ya kukaa karibu na redio yangu, anapukuchua mahindi, midomo inasali. Tukifungwa alisema mtangazaji ni mwongo. Tukifunga alisema, kana kwamba si yeye, "Asante Mama Maria," kisha akaniuliza nani amefunga.

Na alikuwa na neno lake kwa kila kitu. Mtu mvivu alimwita "Jumapili." Mhubiri anayeongea sana alikuwa "mvua ya Mei," maana inanyesha wakati mahindi yameshakomaa. Mimi aliniita "Mnyamwezi," tena kwa upendo, lakini hakuacha kuniuliza, kila baada ya miezi michache, kama nimeshapata barua kutoka kwetu. Nilidhani ananionea huruma. Kumbe alikuwa anachunguza.

Kuna jambo moja ambalo sina la kumlaumu. Ule ugonjwa ulipoingia, ambao mwanzoni watu waliuita kila jina isipokuwa lake, majirani walianza kuogopa kuwaosha wafu wao. Yeye hakuogopa. Alivua koti lake la kijani, akakunja mikono ya blauzi, akaingia. Alimwosha mwalimu mmoja aliyetoka Mara, asiye na ndugu hapa, na alimwosha kijana Mwislamu mwenye duka la vipuri kabla ndugu zake hawajafika kutoka Tunduru. Walipofika walihitaji kumwosha upya kwa taratibu zao, naye hakukasirika. "Ameoga mara mbili," alisema, "atakuwa safi." Nilimpelekea maji siku ile. Nikarudi chumbani kwangu nikifikiri kwamba mtu kama huyu hawezi kuninyima kitu bila sababu ya haki. Ndivyo nilivyofikiri kwa miaka.

Sasa nieleze maji yenyewe.

Gaudensia alikuwa binti yake wa mwisho. Wakati barabara ya lami inajengwa alipendana na fundi mmoja wa kampuni, mtu wa mbali. Barabara ilipokwisha, fundi naye akaisha. Mtoto, Winfrida, alizaliwa baba ameshapita. Kwa sababu ambazo Mama Mzee alizijua mwenyewe, mtoto alicheleweshwa kubatizwa, hivyo mimi nilipofika Winfrida alikuwa anatambaa bado bila ubatizo. Gaudensia alikuwa na cherehani ya kukanyaga barazani. Wiki ya pili niliona amechukua suruali yangu moja ya mtumba iliyokuwa haiuziki, ameikata, ameifanya sketi mbili, na zote mbili ziliuzika siku hiyohiyo. Tukaanza kufanya kazi pamoja. Nilikuwa namtazama anavyokata uzi kwa meno. Nilidhani hakuna anayeniona ninavyotazama.

Padre alikuwa anafika kigangoni kila baada ya miezi miwili, kwa pikipiki. Jumapili ya ubatizo, msimamizi wa mtoto alitakiwa awe mjomba wake, anayeishi Mbesa. Mvua ikanyesha, njia ya Tunduru ikakatika, mjomba hakufika. Padre alikuwa ameshavaa stola, anatazama saa, ana vigango viwili zaidi vya kwenda siku hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Mama Mzee akageuka, akapita katikati ya watu wote hadi nilipo.

"Mnyamwezi. Una kipaimara?"

"Ninacho."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Tangu darasa la sita."

Akanishika mkono. "Padre, tumepata."

Baada ya dakika kumi nilikuwa nimeshika mshumaa unaodondosha nta kwenye viatu vyangu, na mkono mwingine uko begani kwa Winfrida, namkataa shetani na fahari zake zote kwa niaba yake. Nilifurahi. Nilidhani nimeingizwa ndani ya familia kwa mlango wa mbele. Gaudensia alikuwa ameinamisha kichwa wakati wote, nami nikafikiri anasali.

Tulipotoka nje Mama Mzee alituweka pamoja mbele ya watu, akasema, "Leo maji yamewafanya ndugu. Gaudensia, msalimie kaka yako."

"Hujambo, kaka," alisema Gaudensia.

Tangu siku ile hakuniita tena vingine. Kaka, chai iko tayari. Kaka, uzi mweupe umekwisha. Mwanzoni niliona ni adabu.

Ilichukua miaka mitatu mimi na yeye kusema kilichokuwa wazi. Tulikuwa Bombambili, tunafunga turubai, nikamwambia. Akaendelea kukunja.

"Najua," akasema. "Lakini mwulize mama. Bila neno lake wajomba hawatakaa kikao. Na hata wakikaa, mimi sitasimama altareni mama ameinamisha uso kwenye benchi la kwanza. Siwezi. Usinilazimishe."

Nikamwuliza mama. Alikuwa anachambua mboga za maboga, likolo kama wanavyoita kule, anavua nyuzi moja moja.

"Utamwoaje dada yako?" akasema.

"Mama, si dada yangu."

"Wewe ni baba wa mtoto wake mbele ya Mungu. Maji yameshawaunganisha. Mnataka kuunganishwa mara ngapi? Masista walitufundisha: aliyesimamia mtoto haoi mama wa mtoto. Ni kama damu."

Nilikwenda parokiani. Padre alinisikiliza, akacheka kidogo, akasema sheria ya namna hiyo haipo siku hizi, hakuna kizuizi chochote, nilete cheti cha ubatizo kutoka Tabora tuandikishe matangazo. Nilirudi kwa baiskeli nikiimba. Jumapili iliyofuata padre mwenyewe alikuja akamweleza, kwa upole, mbele yangu.

"Mama Mzee, Kanisa limebadilisha hilo."

"Nimesikia, padre."

"Kwa hiyo hakuna dhambi."

"Wamebadilisha Roma," alisema. "Maji ya Mshangano ni yaleyale. Padre, chai yako inapoa."

Mtu utafanya nini na mwanamke huyo? Padre alikunywa chai. Mimi nilitoka nikapiga teke gunia la mahindi nikaumia kidole. Nilimwomba tena mwaka uliofuata, na mwingine. Nilijaribu kupitia kwa katekista, nikajaribu kupitia kwa mjomba wa Mbesa, ambaye alicheka hadi akakohoa akisema kama si ile mvua yeye ndiye angekuwa ndugu wa maji, na mimi ningekuwa na watoto wanne. Nilijaribu kukaa kimya. Nilijaribu kukasirika, nikahamia chumba cha kupanga Bombambili. Siku ya pili jioni alinitumia chakula ndani ya kitambaa, na juu ya ugali ameweka kiberiti, kwa kuwa alijua huwa nasahau kununua. Nikarudi Mshangano. Ndivyo alivyokuwa anakushika. Hakukupa ulichotaka, lakini hakukuacha ulale bila kiberiti.

Winfrida alikua ananiita baba. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa, kwa maji. Nilimfundisha kusoma saa. Nilihudhuria komunio yake ya kwanza nikiwa benchi la mbele, katikati ya Mama Mzee na Gaudensia, na mtu asiyejua angesema tumekamilika.

Mwaka wa tisa soko la Bombambili lilijaa. Kila aliyepunguzwa kazini alikuwa na robota. Rafiki yangu mmoja aliniandikia kutoka Arusha kwamba kule kuna nafasi. Niliisoma barua mara nyingi kuliko ilivyostahili. Nikasema basi. Nimeshangoja vya kutosha. Sikumwambia Gaudensia mpaka nilipokuwa nimekata tiketi, na hilo ni kosa langu, silikwepi. Alisikiliza, akaendelea kukanyaga cherehani, sindano isiyo na uzi ikapita juu ya kitambaa.

Mabasi ya Dar es Salaam hupita Mshangano alfajiri yakitoka mjini. Nilitoka na begi langu mapema kumuaga Mama Mzee. Alikuwa ameshaketi barazani ndani ya koti lake la kijani, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule, na punje nzuri zilikuwa zinaanguka pamoja na mbovu. Gaudensia alisimama mlangoni, Winfrida pembeni yake na sare ya shule.

"Mama, naondoka."

"Nimesikia."

"Nakuuliza mara ya mwisho."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Siku ile ulinijibu haraka mno."

"Siku gani?"

"Ya kipaimara. Nilikuuliza mara mbili. Ningekuwa wewe, na macho yale uliyokuwa unamtazamia mwanangu, ningesema sina."

Nilibaki nimeshika begi. "Ulijua?"

"Nilikuwa kipofu? Wewe ulikuja na barabara, yule mwenzio alikuja na barabara. Hata mizigo hukufungua yote, ulikuwa unasema unakwenda ziwani. Nikasema huyu nimfanye ndugu. Mume anaweza kuondoka. Ndugu, nilidhani, hukaa."

"Nimekaa miaka tisa!"

"Umekaa," alikubali. Akatazama begi langu. "Na leo?"

Nilitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyenifanya niondoke. Nilitaka kumwambia aseme ndiyo sasa hivi, nichane tiketi mbele yake. Basi likapiga honi kwenye kona. Winfrida alikimbia barabarani kulisimamisha, kama nilivyomwomba jana yake.

Nikainama, nikashika mikono ya Mama Mzee iliyokuwa na vumbi la maharage. Akanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, akaminya kwa nguvu.

"Safari njema, Severini," alisema Gaudensia.

Hakusema kaka. Alisema jina langu, kwa sauti ya kusikika, mbele ya mama yake, mara ya kwanza tangu siku ile ya mshumaa. Nilimtazama Mama Mzee, nikangoja amsahihishe. Alikuwa amesikia. Mikono ilisimama juu ya ungo. Hakumsahihisha. Alininyanyulia uso na kunitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza ng'ambo ya barabara, anangoja kuona kama najua kuitikia.

"Kaka, panda twende!" kondakta alipiga kelele mlangoni. "Tunachelewa Makambako!"

Tiketi ilikuwa mkononi. Nikapanda.